Udongo Chini ya Gari Jekundu

Jumamosi, 6 Aprili 1974. Oli, Arua

Binti yangu Elise alipoolewa Aru aliacha daftari hili, mwanzo limejaa hesabu zake, mwisho jeupe. Karatasi haitupwi. Masista kule kwetu Kongo walinifundisha kuandika miaka michache tu, basi atakayesoma asiucheke mkono wangu. Leo nina neno ambalo siwezi kulisema sokoni.

Nestor amerudi kutoka chuo Kampala. Hakuja na basi. Nilikuwa nageuza makayabu juani, samaki wangu wa chumvi ninaouza, nikasikia kelele za watoto kutoka darajani, nikafikiri mwizi anapigwa. Kumbe ni mwanangu, ndani ya gari jekundu la milango miwili, fupi hata mbuzi angelivuka, tumbo linakwaruza mawe.

"La nani?"

"Langu, Mama."

"Nestor. La nani?"

Anasema mwalimu wake mmoja Mzungu alikuwa anahama kwao kwa haraka, hata sahani aliziacha mezani. Alimwachia kwa pesa ya chakula ya mwaka mzima na baiskeli ya marehemu baba yake. "Hili ni gari la mashindano, Mama. Kwa bei ile ni kama kuokota."

Kitu cha kuokotwa kina mwenye kukitafuta. Sikumwambia. Nilimpakulia ugali, maana shavu lilikuwa limeingia ndani. Pesa ya chakula imekuwa gari.

Hawah, jirani yangu Mnubi, alichungulia juu ya ua na ungo mkononi. "Mama Nestor! Hii iko gari ama iko kitanda ya mgonjwa? Mutoto yako naendesha amelala!"

Tulicheka. Nilicheka mpaka nikaogopa.

Jumapili, 7 Aprili

Misani watu walimtazama Nestor kuliko Padre.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Paa la gari ni turubai na linavuja. Nimeweka sufuria juu ya kiti.

Jumatano, 10 Aprili

Nestor alikwenda mjini kutafuta kamba ya breki, akarudi anasukumwa. Severino fundi amemwambia chombo kile hakipo Arua, hakipo Kampala, labda Nairobi. Bomba la moshi amelifunga kwa waya wa senyenge. Petroli hakuna, watu wanalala na madebe kituoni. Nikamwuliza, sasa utarudije chuoni? Akasema, "Nitaona, Mama." Baba yake pia alikuwa anasema hivyo.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Nimemwona yule niliyekuwa namwogopa kabla sijajua ni nani. Ni Taban.

Taban ni mtoto wa dada yake Hawah, sasa ni sajini, yuko Koboko. Alipokuwa mdogo alikula kwangu na Nestor sahani moja, alilamba mwiko wangu mpaka ukang'aa. Amekuja na buti na miwani nyeusi, ameamkia vizuri, "Shikamoo Mama," kisha akalizunguka gari polepole, mkono juu yake, kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Nestor, ndugu yangu. Hii gari iko na jina?"

"Watoto wanaliita Kenge."

"Kenge!" Alicheka. "Kwa sababu tumbo yake iko chini. Muzuri. Nipe ufunguo, nizunguke kidogo tu."

Alizunguka. Alirudisha. Nimeshukuru Mungu siku aliyokufa Mwanawe.

Jumanne, 16 Aprili

Taban tena.

Ijumaa, 19 Aprili

Taban tena. Safari hii ameleta dumu la petroli ya kambini, akalimimina mwenyewe kwenye gari, hatukumwomba. Nestor alikuwa anasema ahsante, ahsante. Mimi nilitaka kuifyonza ile petroli kwa mdomo niiteme. Mtu akishakulishia mbuzi wako majani, keshokutwa anauliza mbuzi wetu hajambo.

Jumatatu, 22 Aprili

"Gari yetu haijambo?" Ndivyo alivyosema leo getini. Yetu.

Anaoa mwezi wa sita kule Koboko. Anataka bibi arusi apelekwe kwa Kenge. "Siku chache tu, Mama. Mimi ni mutoto yako, nitakataaje kurudisha?"

Nani atakataa? Mwaka jana mwenye duka la nguo hapa mjini alimwazima mkubwa mmoja gari lake kwa safari ya siku chache. Gari halikurudi. Akaenda kuliulizia. Na yeye hakurudi. Duka bado lina kufuli, na kitenge cha kijani kinaonekana dirishani kikipauka.

Nestor anasema, "Nikimwazima, nitalifuata." Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Si gari. Gari liende. Ni yeye kulifuata. Namjua: kitu chake ni chake, hata kijiko. Nilimwambia amuuzie mtu. Nani atanunua? Oli nzima inajua sajini ameshaliita lake. Nikamwambia basi mpe tu, zawadi ya harusi. Akanitazama kama nimemwambia akatwe mguu. "Mwaka mzima nilikula mara moja kwa siku, Mama."

Alhamisi, 25 Aprili

Tumejaribu kulikimbiza. Nestor alitaka kulipeleka Aru, kwa Elise, ng'ambo ya mpaka. Nilimfungia maharage na mkeka, akaondoka asubuhi na ukungu. Saa nne ninasikia nyimbo. Kenge amekwama kwenye bwawa la kwanza tu, tumbo juu ya matope, magurudumu yanapiga hewa. Na nani waliomtoa? Askari wa kizuizi. Wamelisukuma mpaka nyumbani kwangu, wanaimba, wamechafuka mpaka nyusi. "Gari ya Sajini Taban imepotea njia, Mama! Tumeirudisha!"

Niliwapa chai. Ningefanya nini? Matope yamekauka chini ya gari kama kiota cha mchwa. Nestor hakuyaosha. Amekaa ndani yake, mikono kwenye usukani, mpaka mvua ikaanza.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimefanya jambo. Niliandike kabla sijalipamba.

Hawah alikuja na kitambaa alichokifuma mwenyewe, maua mekundu na manjano, cha kutandika kiti cha bibi arusi. Anaimba, anapima kiti kwa shibiri. Hawah ni rafiki yangu. Mume wangu Raphaël alipokufa ni yeye aliyewasha moto jikoni kwangu wiki nzima. Na nilimpenda hata saa ile, anapima. Lakini nikaona kile kitenge cha dirishani kinapauka, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Dada, usikae hapo."

"Kwa nini? Iko na maji?"

"Gari hili lilibeba maiti."

Aliruka kama ameungua. "Astaghfirullah! Maiti gani?"

"Njiani, Nestor akija kutoka Kampala. Aliona mtu amelala kando ya barabara, akamwonea huruma, akamchukua mbele kidogo. Akamwacha kwa watu wamzike. Hataki lisemwe."

Alikung'uta kitambaa, akakikung'uta tena, akaondoka hakuniaga. Kwetu na kwao ni sawasawa: bibi arusi hakai alipokaa marehemu. Atazaa nini? Hakuna mama atakayekubali.

Nilisimama pale nikihesabu rozari kwa vidole vitupu. Nimeokoa mwanangu. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatano, 1 Mei

Watoto hawaligusi tena gari. Kuku tu ndio wanaingia. Taban hajaja. Nimelala kama jiwe.

Alhamisi, 2 Mei

Nestor amesikia sokoni. Alirudi amekuwa na rangi ya majivu.

"Mama, umesema nini?"

Nikamweleza, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akavuta kigoda akakaa karibu sana, akasema taratibu, "Maiti ya nani?"

"Si ya mtu. Ni neno tu. Maiti haina jina."

"Mwaka huu, Mama, kila maiti ina jina."

Hatukula.

Jumapili, 5 Mei

Taban amekuja, na si kwa hasira. Ningependa hasira. Alikuja anacheka, ameleta sukari.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Ulifikiri nitaogopa? Sisi watu ya Lurujo iko na dawa ya hiyo."

Nimeishi Arua tangu vita ya kwetu, nauza samaki kwa kila kabila, sikujua hili. Kwetu gari lililobeba maiti linaachwa, linaota majani. Kwao, anasema, linasafishwa. Bibi yake mzaa baba, haboba Asiya wa kijiji cha Lurujo, ndiye anayejua. Kondoo anachinjwa mbele ya gari, damu inapita kwenye magurudumu yote. Lakini kabla ya kisu, mwenye gari anasimama mbele ya watu, anaweka mkono juu ya mlango, anamtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake, anamwambia: shuka, hapa ni nchi ya watu, wewe umekwisha kufika. Bila jina hashuki.

"Na kama hakumjua?" Nestor aliuliza.

Taban alivua miwani. "Mutu anabeba mutu kwenye gari yake, hamuulizi jina hata kwa karatasi ya mfukoni?" Akavaa tena. "Kondoo itakuja. Utakumbuka."

Amekunywa chai yote. Amelamba kijiko, mazoea ya zamani.

Jumanne, 7 Mei

Soko zima linajua kuna siku ya jina. Nimeuza samaki wengi kuliko siku zote. Watu wananunua kidogo kidogo ili wasimame.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Mama mmoja alikuja kwenye mvua kutoka Awindiri, na unga wa muhogo kichwani. Ni Ayikoru. Namjua vizuri, anauza karibu nami na tumeshagombana kuhusu kopo lake la kupimia, ambalo lina kidole cha bati ndani cha kupunja wanunuzi. Mwenye maneno makali. Leo hakuwa na maneno. Alitua unga mlangoni, akasema ni wa Nestor, kijana mwenye huruma. Akalitazama gari. Akaenda.

Jumanne, 14 Mei

Ayikoru tena. Kuku, miguu imefungwa. Nilikataa, akamwacha.

Mimi nilidhani ni Taban pekee atakayekuja tena na tena.

Ijumaa, 17 Mei

Leo alikaa. Nilimpa ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, hakula. Akasema:

"Mama Nestor, mtoto yangu Adriko alikuwa askari Kampala."

Nilijua. Kila mtu anajua, ila hakuna anayemwuliza. Tangu zile fujo za mwezi wa tatu kule kambini wavulana wengine wa Kilugbara hawajulikani waliko. Sitaandika zaidi ya hapo.

"Yeye ni mrefu. Hapa," akagusa nyusi, "iko na kovu. Aliangukia jembe."

Nilisema, "Dada yangu..."

"Usiniambie nani alimuua. Mimi siulizi hiyo. Na mtoto yako nisimtie kwa taabu. Nataka kujua mahali tu. Alimshusha wapi?"

Nestor alikuwa mlangoni. Aliingia ndani nikasikia kitanda kimelia.

Mdomo ule uliofunguka wenyewe kwa Hawah, leo ulijifunga wenyewe. Kwa sababu nikimwambia ni uongo, Awindiri itajua kabla ya jioni, na Taban kesho. Nilinyamaza. Yeye akafikiri ukimya wangu ni jibu. Nikaona anafikiri hivyo, na nikamwacha.

Alisimama, akaenda kwenye gari. Akapiga magoti kwenye matope na gauni lake, akaingiza mkono chini ya tumbo la Kenge. Akaanza kubandua ule udongo mkavu kwa kucha. Kipande kwa kipande. Anakitazama, anakiweka kwenye pembe ya kanga.

"Huu ni wa huko," akasema. "Barabara aliyopita na yeye. Siku ya jina, mtoto yako akishasema, nitauzika nyumbani. Babu zake wamjue amerudi."

Alifunga fundo. Ni udongo wa bwawa la hapa hapa, njia ya Aru. Askari walicheka wakiusukuma. Nilijua, na nilimshika mkono kumsaidia kuinuka.

Jumamosi, 18 Mei

Sikwenda sokoni.

Jumapili, 19 Mei

Misani sikupokea komunyo.

Jumatano, 22 Mei

Nestor anasema atataja jina la uongo. Jina la mbali, mtu wa Mashariki, ambaye hapa hana ndugu. Alikaa na karatasi anaandika majina, anafuta. Mwishoni akaitia motoni.

"Nini?" nikamwuliza.

"Kila jina ninaloandika ni la mtoto wa mtu, Mama. Nikilisema, huyo mtu amekufa."

Mwanangu amekuwa mtu mzima katikati ya mvua hii na mimi sikuwa ninatazama. Nilikuwa natazama gari.

Jumamosi, 25 Mei

Taban. Hakukaa. Alinivuta kando ya banda la samaki, akanong'ona, na kwa mara ya kwanza niliona naye amebanwa, kola imelowa jasho.

"Mama, hiyo jina. Isiwe jina ya mutu ya jeshi. Siku hiyo wakubwa yangu wengine watakuja kula kondoo. Wanauliza mimi: huyu mwanafunzi alibeba maiti gani, kutoka wapi, nani alimtuma? Mimi nasema sijui, ni mambo ya harusi. Lakini wanauliza."

"Basi usilete kondoo, mwanangu."

"Nimeshasema kwa watu. Nikirudisha, watasema ninaficha." Alijifuta uso. "Ni wewe ulileta hii neno, Mama. Si mimi."

Ni kweli. Nimezungusha ukuta kumficha mwanangu, na sasa ndani ya ukuta yumo yeye, nimo mimi, yumo Ayikoru, hata Taban yumo na bunduki yake.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua.

Jumanne, 28 Mei

Mvua. Ayikoru amepita sokoni, fundo lile amelifunga kiunoni, chini ya nguo, kama pesa. Amenisalimia kwa kucheka. Kopo lake la kupimia amelitoa kile kidole cha bati. Anasema hataki dhambi karibu na mazishi. Anasema siku hizi analala.

Ijumaa, 31 Mei

Kondoo amefika. Mweupe, amefungwa kwenye mpapai wangu. Analia kama mtu.

Jumamosi, 1 Juni

Ni usiku ndipo ninaandika.

Mvua ilikatika asubuhi. Haboba Asiya aliletwa kutoka Lurujo, mdogo kama mtoto, tumbaku mdomoni, kisu kimefungwa kwenye jani la ndizi. Watu walijaa mpaka kwa Hawah. Hawah mwenyewe alisimama upande wake wa ua, hajanisemesha tangu siku ya kitambaa. Wageni watatu wa Taban waliketi kwenye viti vyangu. Hawakuvaa nguo za jeshi, lakini viatu ni vile vile. Ayikoru alikuwa mbele kabisa na ndugu zake wawili. Walikuwa na jembe.

Haboba alimlaza kondoo mbele ya Kenge. Taban alimtafsiria, maana anasema Kikakwa tu. "Mwenye gari aje. Aweke mkono."

Nestor aliweka mkono juu ya mlango. Mkono wa baba yake, ule ule, vidole virefu.

"Sema jina yake na ya baba yake."

Nestor alimtazama Ayikoru. Kondoo aliacha kulia. Mmoja wa wale wageni akaegemea mbele, viwiko magotini, kama mtu anayesubiri habari kwenye redio.

"Sema, mwanangu," Ayikoru akasema. Si kwa nguvu. Kama unavyomwambia mtoto ale. "Usiogope. Mimi niko tayari."

Niliona mdomo wa Nestor unaanza. Nikaona atasema Adriko. Kwa huruma angelisema, ampe mama yule mtoto wake, na wale wenye viatu wangeandika.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Sijui kwa nini mwiko.

"Hakuna maiti," nilisema.

Hawakusikia, nikasema tena, nikapiga bati la gari kwa mwiko. "Hakuna maiti! Gari hili halijabeba mtu, mzima wala mfu, ila mwanangu na njaa yake. Ni mimi nilidanganya. Niliogopa Taban atalichukua asirudishe, na mwanangu atalifuata. Nikasema maiti ili mkatae. Hakuna jina kwa sababu hakuna mtu."

Ndugu za Ayikoru walitua jembe chini.

Kisha mgeni mmoja alianza kucheka. Akacheka mpaka akapiga paja. "Sajini! Mama amekunyima gari kwa maiti ya mdomo!" Wenzake wakacheka. Watu wote wakacheka, maana wakubwa wamecheka. Haboba akauliza ni nini, akatafsiriwa, akatema tumbaku. Akasema kondoo aliyelazwa hasimami tena, na akamchinja hivyo hivyo, kwa harusi.

Taban hakucheka. Alinitazama. Kwa nukta moja alikuwa yule mtoto wa sahani moja, kisha hakuwa. Akanyoosha kiganja kwa Nestor.

"Basi gari iko safi."

Nestor akampa ufunguo.

Akiwa ameshaingia, paa limemgusa kofia, akaniambia polepole ili wale wasisikie: "Mama. Hiyo neno usiseme tena. Inatafuta mwenyewe." Kenge akaondoka kwenye damu ya kondoo, magurudumu yakachora njia mbili nyekundu mpaka darajani.

Watu walitawanyika na nyama. Ayikoru alibaki. Aliingiza mkono chini ya nguo, akafungua fundo kwa meno. Akanishika mikono yangu yote miwili, akaifumbua, akamimina udongo ndani.

"Hii ni yako."

"Ni wa bwawa la hapa, dada yangu. Nilijua siku ile. Nilikuacha uuchukue."

"Kwa hiyo mtoto yangu iko hai?"

"Sijui."

"Hujui."

"Sijui, Ayikoru."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na bei mbaya. "Nilikuwa nimeanza kulala," akasema. "Umenirudisha barabarani."

Ndugu zake walibeba jembe, wakaenda.

Jumatatu, 3 Juni

Udongo nimeuweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Siwezi kuumwaga.

Jumapili, 9 Juni

Jana ilikuwa harusi Koboko. Leo sahani ya pilau imepitishwa juu ya ua, imefunikwa kwa kile kitambaa cha maua mekundu na manjano. Mkono niliuona, uso sikuuona. Nimeosha sahani na kitambaa, nimevirudisha na makayabu mazuri. Sauti ikasema kutoka ng'ambo, "Bibi arusi alitoka ndani ya ile gari kama amezaliwa. Miguu kwanza." Nikacheka peke yangu, na machozi.

Jumatatu, 17 Juni

Gari halijarudi.

Ijumaa, 21 Juni

Halijarudi. Asubuhi Nestor alioga, akavaa viatu vya chuo, akafunga kamba. Sikumwuliza. Nilibeba kigoda nikakaa mlangoni, mwili wangu wote, nikaanza kuchambua maharage.

"Mama, nipishe. Naenda Koboko kuuliza tu."

"Uliza mimi."

"Ni langu."

"Ni lako. Ulililia njaa, ni lako kabisa. Niruke."

Angeweza kuniruka, mimi si mrefu. Alisimama nyuma yangu mpaka jua likafika kwenye kizingiti. Kisha nikasikia anavua viatu. Akakaa chini, akachukua maharage kwenye ungo wangu, akaanza kutoa mawe.

Mpaka usiku hajauliza tena habari za gari.

Jumamosi, 6 Julai

Nestor amerudi chuoni. Kwa basi. Nimemfungia makayabu, unga, na maharage ya kumtosha, mwaka huu atakula. Vizuizi ni vingi mpaka Pakwach, na baada ya Pakwach sijui. Amesema atampa dereva habari akifika. Ayikoru alikuwepo stendi. Huwa anakaa pale kwenye gogo kila Jumamosi, basi la Kampala likishusha watu, anatazama nyusi zao. Hakunitazama. Basi lilipoondoka nilisimama mpaka vumbi likaisha, kisha sikujua miguu iende wapi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda stendi kumwuliza dereva. Siye yule, ni mwingine, hajui. Ayikoru kwenye gogo. Nilisimama mbali.

Jumamosi, 20 Julai

Dereva hajui. Nilisimama mbali.

Jumamosi, 27 Julai

Mvua ya pili imeanza, njia imeharibika, basi limechelewa. Watu wameondoka. Nilisimama chini ya bati linalovuja, maji yananiingia shingoni. Ayikoru alinitazama muda mrefu. Halafu akasogea, akapangusa upande wa pili wa gogo kwa kanga yake.

Basi lilikuwa bado halijafika tulipokaa.